Bomba la Mvua la Babu Didas

Kihesa, Iringa
9 Februari 1974

Mume wangu Filemoni,

Kamwene. Sauti ni ya bibi yako Severina, mkono ni wa Katekista Timotheo, maana mimi na kalamu tulipishana njiani tangu utoto na hatujakutana tena. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipake mafuta. Amekubali shingo upande.

Huku wazima. Mama yako Paskalina anakohoa kidogo kwa mvua hizi. Baba yako Gideoni yuko barabarani na lori lake. Tunamwona mara moja kwa mwezi, anakula, analala, anaondoka. Mahindi yamefika kiunoni. Kuku mwekundu alitotoa kumi na moja, mwewe kala wanne, saba wapo.

Sasa neno lenyewe. Babu yako anataka kuoga.

Tangu alipoanguka mwaka ule wa sabini na moja nyonga yake haikuunga sawasawa, hilo unalijua. Anasimama, lakini mkono mmoja umeshika mkongojo na mwingine umeshika ukuta. Kuinama kwenye beseni hawezi. Kuchota kopo akajimwagia mgongoni hawezi. Basi ninamwogesha mimi. Baba yako haruhusiwi, mtoto haoni uchi wa baba yake. Mama yako ndiyo kabisa, mkwe yule, hata chakula anakiweka mezani na kugeuka. Mjukuu ndiye angeweza, mjukuu na babu ni watani, hawana aibu. Mjukuu yuko Mbeya.

Wiki iliyopita bega langu la kulia lililia kama mlango usiotiwa mafuta, ndoo ikaniponyoka. Babu yako akaitazama ile ndoo inavyobingirika hadi ukutani. Akasema, "Severina, siku bega hilo likikataa, mimi nitanuka kama fisi."

Hajaenda misa tangu Noeli. Anasema hawezi kukaa karibu na watu.

Nimewahi kuona hospitali ya misheni lile bomba la mvua. Mtu anasimama tu, anafungua koki, maji yanamshukia kichwani yenyewe. Pipa tunalo, bomba la mjini linalijaza alfajiri likitaka. Wewe ni fundi bomba, watu wa Mbeya wanaoga kwa mikono yako. Chagua kichwa kizuri cha bomba la mvua, ulete.

Ulete, nimesema. Katekista alikuwa ameandika "utume". Nimemfutisha.

Bibi yako na mkeo wa kwanza,
Severina

* * *

Mbeya
3 Machi 1974

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Nafurahi kusikia mnaendelea vizuri. Pole sana kwa bega.

Mimi mzima. Mbeya ni baridi na ukungu, Mlima Loleza hatuuoni mpaka saa nne asubuhi. Kazi ni nyingi. Tunaweka mabomba katika nyumba za wafanyakazi, nyumba arobaini, kila moja na bafu yake. Kwa sababu hiyo sina nafasi ya kuja kwa sasa.

Nimekununulia kichwa cha bomba la mvua katika duka la vifaa vya ujenzi. Ni kizuri sana, kinang'aa, ndicho tunachoweka katika nyumba za wakubwa. Pamoja nacho nimeweka elbo mbili, zile kona za kukunjia bomba, na koki moja. Nimempa dereva wa basi, atakiacha stendi ya Iringa kwa jina la Mama. Fundi yeyote ataweza kukifunga.

Nisalimie wote nyumbani.

Mjukuu wako,
Filemoni

* * *

Kihesa, Iringa
21 Machi 1974

Mume wangu Filemoni,

Marahaba. Mzigo umefika, dereva ni mwaminifu, Mungu ampe watoto.

Mama yako amepona kikohozi. Vifaranga ni watano. Umesema "nisalimie wote". Wote ni nani? Nimemsalimia mama yako, nimesalimia kuku, nimemsalimia jirani. Kuna mmoja nimemruka, sikuwa na uhakika kama yumo.

Sasa kichwa chako. Kinang'aa kweli, mama yako amejitazama humo akafunga kitambaa vizuri. Tumemwita fundi Asukile, yule Mnyakyusa wa Tukuyu anayekaa karibu na soko. Amefunga. Babu yako akavua shati mwenyewe, akasimama chini yake, mimi nikafungua koki.

Filemoni, ulishamwona mtoto anayelazimishwa kulia, hana machozi? Ndivyo kilivyotoa. Tone moja. Tukangoja. Tone la pili. Matundu yake ni madogo kama tundu la sindano, maji yanafika pale yanaogopa kupita. Babu yako alisimama baridini mpaka nikafunga koki. Akavaa shati likiwa kavu.

Mimi sikukubali. Nilichukua msumari, nikaugonga kwa jiwe, nikayapanua matundu moja moja. Sasa maji yanatoka upande mmoja tu, kwa kishindo, kama ng'ombe jike anavyokojoa. Katekista anasema hilo haliandikwi. Andika, Timotheo, huyu ni mume wangu na si askofu.

Hicho ni kichwa cha nyumba za wakubwa, wenye maji ya nguvu. Sisi huku mlimani maji yanatufikia yamechoka. Chagua kingine, chagua kwa akili. Na njoo ukifunge mwenyewe.

Severina

* * *

Mbeya
28 Aprili 1974

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi imetubana.

Kosa ni langu. Kichwa kile kinataka presha kubwa, nyie presha yenu ni ya pipa tu. Nikueleze. Maji ya pipa hayana nguvu nyingine ila kimo. Ukubwa wa pipa si kitu, hata likiwa kubwa kama nyumba. Kinachosukuma maji ni urefu kutoka kwenye maji ya pipa kushuka hadi kwenye kichwa. Urefu huo ukiwa mfupi, basi inabidi kila kitu kingine kiwe kipana: bomba pana, matundu makubwa, elbo chache, na koki inayofunguka yote. Koki ya kawaida ndani yake ni kama shingo ya chupa.

Kwa hiyo naomba unipimie. Kutoka sakafu ya bafu hadi kitako cha pipa ni urefu gani?

Pia, Bibi, kuna njia nyepesi. Kichwa kikishushwa hadi kifuani na mtu akaoga amekaa kwenye kigoda, maji yatamshukia vizuri zaidi.

Nisalimie wote.

Filemoni

* * *

Kihesa, Iringa
12 Mei 1974

Mume wangu Filemoni,

Marahaba. Mvua zimekatika. Mahindi tunavunja. Baba yako alikuja siku mbili, amenenepa, lori linakondesha barabara lakini yeye linamnenepesha.

Habari ya kigoda nimemfikishia babu yako. Alikuwa anamenya maharage. Akasema, "Mwambie nimekaa miaka mitatu. Nikikubali kuoga nimekaa, kesho mtaniogesha nimelala, na keshokutwa mtaniosha bila mimi kujua." Kisha akaendelea na maharage. Basi kigoda kimekufa, usikifufue.

Kupima nimepima. Nimepanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, mama yako amenishika miguu huku akimwomba Bikira Maria. Kutoka sakafuni hadi kitako cha pipa ni mikono mitano na shubiri moja. Nimepima mara mbili, kiwiko hadi ncha ya kidole. Sijasoma, lakini hadi tano nafika.

Hukuuliza pipa limekaa juu ya nini. Nami sikuambii mpaka uulize.

Severina

* * *

Mbeya
16 Juni 1974

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nashukuru kwa vipimo. Mikono mitano na shubiri ni futi nane na inchi tatu. Nimefurahi, hicho ni kimo kinachotosha. Kichwa kikikaa futi sita na nusu, maji yanashuka karibu futi mbili. Si mengi, lakini yataogesha.

Nimechagua upya kila kitu. Kichwa hiki haking'ai, ni cha bati nene, lakini matundu yake yanapitisha punje ya mtama. Bomba ni la robo tatu inchi badala ya nusu. Koki ni ya geti, mlango wake unainuka wote, maji yanapita bila kubanwa. Asukile asiweke elbo zaidi ya mbili, na bomba lishuke tu, lisipande popote, hewa itakwama humo na maji yatasimama.

Nimefanya majaribio hapa kambini kwa pipa na ngazi. Nimeoga mwenyewe. Jamaa wamenicheka, nimeoga na nguo kwa baridi ya Juni.

Mzigo utafika na basi la Jumanne.

Nisalimie wote.

Filemoni

* * *

Kihesa, Iringa
7 Julai 1974

Filemoni,

Leo sikuiti mume wangu, nina hasira na wewe. Kamwene hata hivyo.

Mama yako mzima. Vifaranga wamekuwa kuku.

Asukile amefunga kila kitu kama ulivyoagiza, elbo mbili, hakuna mahali bomba linapanda. Babu yako akaingia, mara hii alibaki na shati, ameshajifunza. Siku hiyo pipa lilikuwa na maji ya kitakoni tu. Nikafungua ile koki ya geti. Maji yakatoka, yakamlowesha bega kidogo, yakasimama. Hayakudondoka hata. Yamesimama ndani ya bomba yanatutazama.

Asukile akashusha kamba kutoka kitako cha pipa hadi sakafuni, akaipima kwa futi yake ya chuma. Akasema, "Bibi, pipa hili lina futi sita na inchi tano. Kichwa kiko juu ya kitako cha pipa! Nani kakwambia nane?" Nikamwambia, mjukuu wangu fundi.

Nimelala na jambo hilo siku tatu. Mikono mitano nilipima sawasawa. Sasa tazama ndani ya bahasha. Kuna uzi mweusi. Huo ni mkono wangu, kiwiko hadi ncha ya kidole. Upime kwa futi yako.

Umeupima? Ni mfupi, sivyo? Mimi ni mtu mdogo, Filemoni. Wewe ulipokuwa darasa la tano ulikuwa umeshanipita, ukawa unaniwekea kidevu utosini unaniita mwanao. Nilipokwambia mikono mitano ulipiga hesabu ya mikono ya mwanamume. Umesahau mkono wangu. Mkono uliokulisha uji mama yako alipokuwa mgonjwa, umesahau urefu wake. Vichwa vya mabomba vya Mbeya yote unavijua.

Kukaa mbali kunafanya hivyo, sikulaumu kwa kusahau. Nakulaumu kwa kukaa.

Na sasa nakuambia ambalo hukuuliza. Pipa limekaa juu ya ukuta wa bafu, kwenye magogo mawili. Watu waliliweka pale ile wiki babu yako alipokuwa hospitali, na wewe ulikuwa umeshaondoka na mkoba wako wa vifaa. Kichanja ulichoanza kujenga kwa ajili ya pipa hilo, nguzo zake nne ndefu bado zimesimama uani. Mama yako anafungia kamba za nguo.

Asukile alisema, "Nitawamalizia kichanja, pipa lipande futi kumi na mbili, hata kichwa kibovu kitatoa maji." Babu yako akamwinulia mkongojo. Kweli, alimwinulia. Akamwambia, "Nguzo zile zina fundi wake. Wewe gusa koki, nguzo ziache."

Sina la zaidi. Katekista naye anafuta miwani, sijui ana nini.

Severina

* * *

Kihesa, Iringa
25 Agosti 1974

Filemoni,

Kamwene. Wiki saba hakuna barua. Nimeuliza stendi, dereva anasema uko hai, alikuona sokoni unanunua viazi. Basi unakula.

Bega langu la kulia limekataa kabisa. Ninatumia la kushoto. Namwogesha nusu, siku moja mgongo, siku moja miguu. Yeye ananiambia nimwache. Nami namwambia, nilikula kiapo mbele ya padri, sikuapa kwa bega moja.

Andika hata tusi.

Severina

* * *

Mbeya
22 Septemba 1974

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimeupima uzi wako. Ni inchi kumi na nne. Nimeuweka kwenye mkoba wa vifaa pamoja na futi yangu.

Barua hii nimeianza mara nne. Katekista asiisome kwa sauti mbele ya Mama, tafadhali. Ukipenda, aisome. Sijui.

Siku ile Babu alipopanda kichanjani kutazama kazi yangu, niliona anapanda. Nilikuwa chini nachanganya saruji ya kushika nguzo. Mbao tatu nilikuwa nimezipigilia. Ya nne nilikuwa nimeilaza tu, haina msumari hata mmoja, misumari ilikuwa imeniishia, nikasema nitapiga kesho. Nilitaka ionekane kazi imekwisha, kwa sababu asubuhi yake alikuwa amesema mimi ni fundi wa maneno. Nilimwona anaelekea kwenye mbao ile. Ningeweza kupiga kelele. Niliona aibu kumwambia kwamba haijapigwa. Nikadhani hataikanyaga.

Akaikanyaga.

Watu walipokuja aliwaambia, "Nimeteleza." Nami nikanyamaza. Usiku ule niliokota ile mbao nikaitupa korongoni. Siku ya tatu nikaaga. Kila nilipotaka kurudi nilimwona ananitazama kutoka pale chini.

Nilijua tangu kichwa cha kwanza kwamba dawa ni kulipandisha pipa. Mwanafunzi wa mwezi mmoja anajua hivyo. Uliposema mikono mitano nikajipa moyo kwamba kuna mtu amemaliza kichanja, nikashukuru kwamba si mimi. Nilikuwa natafuta kichwa ambacho kingeniokoa nisizungumzie nguzo. Hakuna kichwa cha namna hiyo, Bibi. Nimetafuta Mbeya nzima.

Sasa unajua kwa nini mikono yangu haifai kumwogesha.

Msalimie Babu. Kama atakubali.

Filemoni

* * *

Kihesa, Iringa
1 Oktoba 1974

Mume wangu Filemoni,

Marahaba, marahaba, marahaba. Barua yako ilisomwa uani, mchana, kwa sauti, mbele ya mama yako na babu yako. Uliniachia nichague, nikachagua.

Kwanza nikwambie wewe ni mjinga. Katekista anasema niandike "umekosea". Hapana, andika mjinga. Ulidhani ulikuwa na siri. Mbao uliyoitupa korongoni niliiokota mimi asubuhi yake, nikaona haina hata tundu la msumari. Babu yako yeye alijua kabla hajafika chini. Alisema "nimeteleza" kwa sababu jirani walikuwa wamejaa uani, na wewe ulikuwa na miaka ishirini na moja, na fundi akiitwa muuaji wa babu yake hapati kazi Iringa hii mpaka azeeke. Alikupa njia ya kupita. Hakujua utaitumia kwenda nayo Mbeya.

Miaka mitatu tumengoja useme, naye hakuniruhusu niseme kwanza. Alisema, "Mtu mzima hachukuliwi maneno mdomoni kama mfupa kwa mbwa." Ndiyo maana nilikuwa nakuandikia mambo ya koki.

Mama yako alilia. Nikamwacha alie, ni haki yake.

Katekista akakunja karatasi. Babu yako akasema, "Soma tena pale aliposema misumari ilimwishia." Katekista akasoma. Babu yako akaingia ndani, tukasikia mkongojo wake unakwenda na kurudi. Akatoka na kopo la bati. Akachukua msumari mmoja, huu niliokufungia katika kitambaa. Ni wa inchi nne. Akasema, "Mtumie huo. Mwambie mingine ninayo."

Basi. Hakusema zaidi, nami sitii maneno mdomoni mwake.

Habari ya mikono yako kutofaa, hiyo usinirudie tena. Mikono isiyofaa ni iliyokatika. Bega langu moja limelala, la pili linasinzia. Njoo.

Severina

* * *

SIMU
MBEYA 18 OKTOBA 1974
NAFIKA JUMAMOSI NA MSUMARI FILEMONI

* * *

Kihesa, Iringa
10 Novemba 1974

Mume wangu Filemoni,

Kamwene. Natumaini ulifika salama na msimamizi wako hakukufokea sana kwa zile siku tisa. Kama amefoka mwambie aje azungumze na mimi.

Mama yako mzima, anaimba tena jikoni, tunamvumilia. Amehamishia kamba za nguo kwenye mti wa parachichi, analalamika majani yanachafua mashuka, lakini analalamika kwa furaha. Asukile alipita, akazunguka kichanja chako mara mbili, akatikisa kila nguzo, akapanda hadi juu. Aliposhuka alisema, "Mbao hizi zina misumari kama nungunungu." Babu yako akamwambia, "Huyo ndiye fundi niliyekuambia."

Uliondoka na uchungu kwamba hukuona maji yakishuka. Ndivyo mji wetu ulivyo, pipa likapanda futi kumi na mbili, na siku hiyohiyo bomba la mjini likakauka. Siku kumi na moja. Nilikuwa nalipiga teke lile bomba kila alfajiri. Babu yako akasema tusimtie maji ya ndoo hata kidogo, atangoja. Nikamkumbusha kwamba yupo aliyemwogesha vizuri jioni ile alipofika, kabla hajafungua mkoba wake. Akasema, "Yule alinisugua kama sufuria." Lakini alicheka, na wakati ule mlipokuwa bafuni wawili nilikuwa jikoni nawasikia. Nilisikia mnatukanana. Nikajua mmepatana.

Jana alfajiri bomba likakohoa, likatema kutu, likaleta maji. Hadi saa tatu pipa limejaa.

Akasema, "Lete taulo." Nikaleta. Nikachukua na ndoo, ni mazoea, nikamfuata. Akafika mlangoni, akageuka, akaitazama ndoo, akanitazama mimi. Akasema, "Hiyo ya nini?" Akaingia. Nikasikia komeo.

Lile komeo uliloweka kwa ndani, nilipokuona unalifunga nilikushangaa, nikasema fundi huyu anapoteza skrubu. Mlango ule miaka mitatu haujafungwa, ungefungwa na nani, mimi nilikuwa ndani sikuzote.

Nikasikia koki inafunguliwa. Mara kishindo, Filemoni! Kile kichwa ulichokitoa kwenye keni ya kumwagilia bustani, ukakichomelea kwenye bomba la inchi nzima, ndicho kilichoshinda. Mvua ya masika juu ya bati. Kwanza alipiga kelele, nikadhani ameanguka. Hakuanguka. Maji ya Iringa ni ya baridi, amesahau tu. Kisha akaanza kuimba ule wimbo wa kuvuna ulezi ambao huwa anakosea maneno, akakosea palepale anapokosea.

Vile vichwa vyako viwili vya kwanza sikuvitupa. Cha bati nimeziba nacho tundu la panya ghalani. Kinachong'aa mama yako amekitundika ukutani, ndicho kioo chake.

Nikangoja. Akakaa sana. Nikagonga mlango.

Akasema, "Nani?"

Nikasema, "Mkeo."

Akasema, "Subiri. Kuna mtu anaoga."

Basi nikakaa juu ya gogo, moja ya yale magogo mawili, ndoo tupu mapajani, nikasubiri. Alitumia pipa lote. Mchana tumekosa hata maji ya kupikia ugali, tumekula ndizi. Leo amevaa suruali yake nyeusi, ameenda misa, amekaa benchi la mbele, katikati ya watu.

Bibi yako,
Severina